Somo: Kutumia Ramani ya Simu Bila Intaneti Unapoendesha Gari Nje ya Nchi

Wakazi wa Njombe, Makambako na Ludewa wanaosafiri kwa gari kwenda Zambia au Malawi hukutana na matatizo mawili baada ya kuvuka mpaka: ramani ya simu kubaki ukurasa mtupu, au salio kwisha bila hata simu moja kupigwa. Yote mawili yanaepukika kwa maandalizi yanayofanyika nyumbani. Katika somo hili tunaeleza namna ya kujiandaa.

1. Mahali ulipo hujulikana bure. Ramani ndiyo hula data

Simu janja hufanya kazi mbili zinazodhaniwa kuwa moja. Kwanza, hupokea ishara za satelaiti. Satelaiti za GPS, mfumo wa Marekani, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na ishara zake hazilipiwi. Simu nyingi za sasa hupokea pia ishara za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Simu ikizipata satelaiti 4 au zaidi, hukokotoa mahali ilipo, hata pasipo na mnara wa simu.

Pili, simu huonyesha ramani. Hii huletwa kwa intaneti, na hapo ndipo gharama inapoanzia. Ramani ikiwa tayari imehifadhiwa ndani ya simu, safari nzima yaweza kuongozwa bila data.

2. Kabla ya kuondoka

(a) Pakua ramani ya nchi unayokwenda pamoja na ya njia yote ya kufikia mpakani. Google Maps huruhusu kuhifadhi eneo unalolichagua. Organic Maps na OsmAnd huhifadhi nchi au mkoa mzima. Hakikisha simu ina nafasi ya kutosha.

(b) Angalia tarehe ya ramani. Iliyohifadhiwa zamani huweza kuisha muda wake au kukosa barabara mpya.

(c) Weka alama kwenye vituo muhimu: mpaka, hospitali, kituo cha mafuta na mahali pa kulala.

(d) Zima data, kisha tafuta njia ya kufika uendako. Ikionekana, umefaulu. Ikikataa, bado uko nyumbani na unaweza kurekebisha.

(e) Chukua chaja ya gari na kishikilia simu. Ramani humaliza betri upesi.

3. Mpakani

Tunduma na Nakonde ni miji iliyopakana. Simu yaweza kushika mnara wa upande wa pili kabla hujavuka. Kwa hiyo, zima ruhusa ya kutumia data nje ya nchi mapema, usisubiri geti. Tukumbushe kwamba programu nyingine hujisasisha zenyewe na kutumia data bila mwenye simu kujua.

Zambia na Malawi zipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Linganisha saa ya simu na saa ya huko kabla ya kuamini muda wa kufika unaoonyeshwa.

Mara ya kwanza bila mtandao, simu huweza kuchukua dakika kadhaa kutambua mahali ilipo. Simama mahali salama penye anga wazi, usubiri.

4. Ramani haioni hali ya barabara

Aliyepo Mchuchuma akiitazama ramani, huiona Malawi jirani kabisa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Lakini kwa gari hulazimika kupitia Ludewa, Njombe, Makambako na Uyole, kisha Tukuyu hadi Kasumulu. Usikadirie mafuta wala muda kwa kuangalia umbali wa moja kwa moja.

Aidha, programu huweza kupendekeza njia ya mkato, kama ile ya kutoka Njombe kupitia Makete na Kitulo. Kilomita zaweza kupungua, lakini kuna milima mirefu na ukungu. Ramani isiyo na intaneti haitakuambia kama kuna foleni, daraja lililosombwa au tope la masika. Waulize wenyeji na madereva wa njia hiyo. Alama ya barabarani au agizo la askari likitofautiana na simu, fuata alama au agizo hilo.

Panga njia gari likiwa limesimama, na usikilize maelekezo kwa sauti unapoendesha.

5. Ukikatwa fedha usizozielewa

Hifadhi ujumbe wote wa makato na uandike tarehe na saa. Peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako. Usiporidhika, wasilisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Jipime

1. Kwa nini simu hujua ilipo hata pasipo mtandao?
2. Utathibitishaje nyumbani kuwa ramani itafanya kazi ugenini?
3. Ni mambo gani ambayo lazima uwaulize watu, si simu?