Kipimo cha Umeme wa Moyo: Kupanga Kiwango cha Ukuzaji bila Kuvunja Utengano wa Umeme

Utangulizi

Mkazi wa Soweto jijini Mbeya anaweza kupimwa umeme wa moyo, yaani ECG, katika kituo kilicho karibu naye, kisha akapewa karatasi aende nayo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Iringa. Daktari anayeipokea karatasi hiyo hakuiona mashine iliyoichora. Anachokiona ni urefu wa mawimbi, na urefu huo hauna maana iwapo hajui ishara ya moyo ilikuzwa kwa kiasi gani. Makala hii inaeleza namna kiwango cha ukuzaji kinavyopangwa, kinavyohakikiwa, na kwa nini kazi hiyo isiguse kinga inayomtenga mgonjwa na umeme wa ukutani.

Ishara ndogo na ukuta wa kinga

Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni takriban milivolti 1. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230, yaani zaidi ya mara laki mbili ya huo. Mashine haiingizi umeme mwilini ili kumpima mgonjwa. Hupokea ule unaotoka moyoni na kuukuza. Hata hivyo, elektrodi zimegusa ngozi iliyolowanishwa, hivyo hitilafu ndani ya mashine yaweza kuupitisha umeme wa ukutani hadi kwa mgonjwa.

Kwa sababu hiyo, sakiti hugawanywa pande mbili: upande wa mgonjwa na upande wa umeme wa ukutani. Hakuna waya unaoziunganisha. Katika mashine nyingi ishara huvuka kwa mwanga: diodi hutoa mwanga upande mmoja, na nusukipitishi kingine huupokea upande wa pili. Mashine yenye alama ya moyo ndani ya mraba ni ya daraja la CF. Kwa viwango vya kimataifa, mkondo unaovuja kwenda kwa mgonjwa katika daraja hilo hautakiwi kuzidi mikroampea 10 katika hali ya kawaida.

Ukuzaji hupangwa wapi?

Sehemu ya kwanza ni kikuzaji, au amplifaya, kilicho upande wa mgonjwa. Kwa kawaida kikinzani kimoja ndicho huamua kiwango chake. Ukuzaji wa hapa hauwekwi mkubwa mno, kwa kuwa elektrodi zenyewe huzalisha volteji tulivu inayoweza kufika milivolti 300. Volteji hiyo ikikuzwa mara 20 inakuwa volti 6, nayo huweza kukijaza kikuzaji hadi mawimbi ya moyo yapotee. Hivyo volteji tulivu huondolewa kwanza, kisha ukuzaji mkubwa hufuata.

Sehemu ya pili ni kivuko cha mwanga chenyewe. Diodi hufifia kadiri inavyotumika, hasa penye joto, na mawimbi nayo hupungua bila mtu kugusa kitufe chochote. Wabunifu hulizuia hilo kwa kuweka vipokezi viwili vinavyofanana. Kimoja hupeleka ishara upande wa pili. Kingine hurudisha taarifa kwa kikuzaji cha upande wa mgonjwa, ili diodi iongezewe nguvu inapofifia. Mashine nyingine huigeuza ishara kuwa tarakimu kabla ya kuvuka, na tarakimu haipungui kwa sababu ya mwanga kufifia.

Gharama ya kipimo kisichosomwa

Kiwango cha kawaida ni milimita 10 kwa milivolti 1. Mashine nyingi huruhusu pia milimita 5 au 20. Chukua mgonjwa ambaye wimbi la S katika V1 ni milivolti 1.0 na wimbi la R katika V5 ni milivolti 1.8. Jumla ni milimita 28 kwa kiwango cha kawaida, chini ya kikomo cha milimita 35 kinachoashiria kunenepa kwa msuli wa moyo. Karatasi ikichorwa kwa kiwango cha 20, jumla inasomeka 56, na mtu huyo anaambiwa ana moyo uliokua. Mwenye jumla halisi ya milimita 40, akichorwa kwa kiwango cha 5, husomeka 20. Madhara ya shinikizo la juu la damu hupita bila kuonekana.

Vivyo hivyo, mawimbi mafupi yaweza kuashiria maji katika kifuko cha moyo, ambayo mara nyingi husababishwa na kifua kikuu. Anayeongeza ukuzaji ili karatasi ipendeze, bila kuandika, huenda ameificha dalili hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Mhudumu wa afya aisome alama ya upimaji kabla ya kusoma mawimbi. Kwa kiwango cha kawaida, alama hiyo ina kimo cha milimita 10. Ikiwa na ngazi ya milimita 10 kisha 5, maana yake mawimbi ya kifuani yamepunguzwa nusu. Mawimbi yakiwa madogo au yenye mtetemo, asafishe ngozi na kukagua elektrodi kwanza, maana ukuzaji huongeza mtetemo pamoja na ishara.

Fundi sanifu wa vifaa tiba akumbuke kuwa katika mashine za kisasa alama hiyo mara nyingi huchorwa na programu: huonyesha mpangilio uliochaguliwa, haithibitishi kwamba sakiti ni nzima. Uhakiki wa kweli ni kuingiza ishara ya milivolti 1 kwenye nyaya za mgonjwa kwa kifaa cha kuigiza moyo, na kupima kinachochorwa. Marekebisho yafanyike mgonjwa akiwa ameondolewa. Kamwe pande mbili zisiunganishwe kwa waya ili kuondoa mtetemo: karatasi itakuwa safi, lakini ukuta wa kinga utakuwa umebomolewa.

Mgonjwa naye aitunze karatasi yake bila kuikata ukingoni, kwani alama ya upimaji mara nyingi huwa hapo. Ikikatwa, daktari wa hospitali ya rufaa hana namna ya kujua urefu wa mawimbi unamaanisha nini, na kipimo hulazimika kurudiwa.