KUTOKA SOY MPAKA MAGENGE YA MOMBASA
Somo la safari, pamoja na saa za maji ya bahari

Katika nchi ya Uasin Gishu wapo watu wengi, wazee kwa vijana, ambao hawajaiona bahari hata siku moja. Mwalimu hufundisha darasani habari za maji kujaa na kupwa, naye mwenyewe pengine hajapata kuyaona. Si aibu, maana Soy iko mbali na pwani. Lakini ikitokea kwamba shule au chama cha akina mama kimechanga fedha za safari, inafaa wasafiri wajue mapema watakayoyaona na hatari wanayopaswa kujihadhari nayo. Mtu aendaye bila kujua hurudi na picha tu, na pengine asirudi salama.

NJIA YA KWENDA

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu kando ya ziwa mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilitoka Nakuru, ikapanda milima mpaka Timboroa, mahali palipoinuka zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924. Mji huo wazee waliuita Sikisti Foo, kwa sababu ulianzia katika shamba lililoandikwa namba 64. Mwaka 1926 tawi lilitoka Leseru, likapita Soy, likafika Kitale. Kwa miaka mingi mahindi na ngano za nchi hii ziliteremka kwa njia hiyo mpaka bandari ya Kilindini.

Zama za kupanda gari la abiria pale Soy zimepita. Msafiri wa leo huanza kwa barabara, apite Eldoret na Nakuru mpaka Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilometa 300. Nairobi hupanda garimoshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Garimoshi la zamani lilitoka Nairobi jioni likaingia Mombasa asubuhi. Hili jipya huchukua saa tano au sita hivi. Stesheni yake ya mwisho iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo abiria hana budi kutafuta gari jingine la kumfikisha mjini. Basi anayetoka Soy atenge siku moja ya barabara, siku moja ya garimoshi, na siku moja nzima ya kutembea pwani, kisha aongeze siku za kurudi.

Katika safari hiyo liko jambo moja ambalo mwalimu asiache kuwaonyesha wanafunzi. Mvua inyeshayo Soy haiendi Mombasa kamwe. Maji ya Uasin Gishu hushuka katika mto Nzoia, yakaingia ziwa la Victoria, yakafuata mto Nile, na mwisho wake ni bahari ya Mediterania huko Misri. Msafiri akivuka vilele vya Timboroa ameyaacha maji ya Nile nyuma yake. Akishuka kutoka Nairobi hukutana na mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, na karibu na Malindi huitwa Sabaki, ndiko unakomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Hivyo mahindi ya Soy yalikwenda upande mmoja wa dunia, na maji yaliyoyaotesha yakaenda upande mwingine. Reli ndiyo iliyoshinda mlima ambao mto haukuweza kuushinda.

GENGE LILITOKA BAHARINI

Mombasa ni kisiwa, na upande wake wa kusini na mashariki umezungukwa na magenge, yaani kuta za mwamba zinazosimama wima juu ya maji. Mahali pengi kimo chake ni kama nyumba ya ghorofa mbili au tatu. Matembezi mazuri huanzia Fort Jesus, ambapo wenyeji huita Ngomeni, na kuishia kivuko cha Likoni. Mtu asiye na haraka aweza kwenda kwa miguu kwa saa moja au moja na nusu. Ukingo wote haupitiki, kwa kuwa mahali pengine pana majengo ya serikali na ya watu. Hapo msafiri afuate barabara, kisha arudi ukingoni penye bustani ya Mama Ngina. Barabara hiyo zamani iliitwa Azania Drive. Bustani yake ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, na ndani yake imesimama mibuyu mikubwa. Akiketi hapo ataziona meli kubwa zikipita karibu naye, zikiingia Kilindini. Jina hilo lina maana yake: kilindi ni mahali pa maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu meli nzito zaweza kufunga huko.

Sasa msafiri na autazame mwamba wenyewe. Atokaye Soy amezoea udongo mwekundu na mawe ya volkano. Jiwe hili ni jeupe au la kijivu, limejaa matundu, na lina makali ya kukata kiatu. Akilitazama kwa makini ataona ndani yake maganda ya kombe na alama za mistari na nyota. Hizo ni alama za matumbawe. Matumbawe hujengwa na wadudu wadogo wa baharini ambao hutengeneza chokaa kutokana na maji na kukaa pamoja kwa maelfu na maelfu. Wafapo, nyumba zao hubaki, na wengine hujenga juu yake. Zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa meta kadhaa, na mahali panapoota mibuyu sasa palikuwa chini ya maji, samaki wakipita. Bahari iliposhuka, bustani ile ya matumbawe ilibaki nchi kavu ikawa jiwe. Kwa hiyo asimamaye juu ya genge la Mombasa amesimama juu ya sakafu ya bahari ya kale.

Watu wa pwani wamelitumia jiwe hilo kwa kila kazi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Dari zake zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, upana wa chumba haukuzidi meta tatu hivi. Bamburi, kaskazini ya mji, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na jiwe linalosagwa huko ni hilo hilo la matumbawe ya kale. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya uongozi wa René Haller, na leo ni bustani yenye wanyama. Yamkini mtu wa Soy ambaye hajaiona bahari amekwisha kulala juu ya sakafu iliyotoka baharini.

BAHARI INALILA GENGE

Kitu kilichojengwa na bahari, bahari hukidai tena. Msafiri akiinama kutazama chini ya genge ataona kwamba mwamba umeliwa kwa ndani pale maji yanapofika, hata sehemu ya juu imebaki ikining'inia kama upenu wa nyumba. Mawimbi hupiga pale kila siku. Wanyama wadogo wa baharini hutoboa jiwe. Na maji ya mvua hupita katika matundu na kuyeyusha chokaa kutoka juu. Siku moja upenu huo huvunjika na kuanguka wote pamoja. Kwa hiyo mtu asisimame kwenye ncha ya genge kupigwa picha, wala asiketi chini ya upenu kupumzika kivulini. Nyufa hazionekani kwa juu. Wakati wa upepo wa kusi, katikati ya mwaka, hatari huzidi, kwa sababu mawimbi huwa makubwa na jiwe huteleza kwa maji.

Fort Jesus yenyewe imesimama juu ya mwamba huo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ili wailinde njia ya kuingilia bandari. Waarabu wa Oman waliizingira tangu mwaka 1696 mpaka walipoitwaa mwaka 1698, na njaa na maradhi yaliua wengi ndani kuliko mizinga. Tangu mwaka 1895 ngome ilikuwa gereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini adui aliyebaki ni yule aliyekuwapo tangu mwanzo. Mawimbi yaliendelea kuula mwamba ulio chini yake, hata ikabidi katika miaka ya karibuni ujengwe ukuta wa kuyazuia.

SAA ZA MAJI

Hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote, na mwalimu alishike kabla ya kuwapeleka watoto wa watu pwani.

Mtu wa bara anazijua hatari za mto. Mto Nzoia ukifurika hutoa ishara: mawingu yametanda, maji yamekuwa mekundu, na ngurumo yake husikika mbali. Bahari haitoi ishara hizo. Hujaa mchana wa jua kali, bila mvua, bila kelele, na maji yake ni safi. Mgeni aliyeteremka chini ya genge kuokota makombe hugeuka akaona njia aliyojia haipo tena, mbele yake maji na nyuma yake ukuta wa jiwe.

Kwa kawaida maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa za leo si saa za kesho. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 au karibu yake. Mwezi ndio unaoyavuta, na jua husaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta pamoja, na siku hizo au moja mbili baadaye huja maji makubwa yaitwayo bamvua. Katika nusu ya mwezi huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Wavuvi huzijua siku hizi kwa kuhesabu mwezi.

Wakati wa bamvua, kati ya maji kupwa na maji kujaa, bahari ya Mombasa hupanda zaidi ya meta tatu. Siku hizo maji huwa yamepwa yapata saa nne au saa tano ya asubuhi, ndiyo saa hasa wageni wanapofika pwani na kuona mwamba mpana umekauka. Huvutiwa, wakateremka. Ingefaa wajifunze hesabu ifuatayo, ambayo mabaharia huitumia.

Kupanda kwa maji huchukua saa sita hivi. Kimo chote kigawanywe mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu 3, saa ya nne 3, saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Ikiwa kimo ni meta tatu, kila fungu ni sentimeta 25. Basi katika saa ya kwanza maji hupanda sentimeta 25 tu, na mgeni hudhani bahari ni pole. Mwisho wa saa ya pili ni sentimeta 75. Mwisho wa saa ya tatu ni sentimeta 150, yaani kifua cha mtu mzima na kichwa cha mtoto. Upole wa saa ya kwanza ndio unaodanganya watu.

Kwa sababu hiyo kiongozi wa safari afanye mambo manne. Kwanza, aulize wavuvi au askari wa bustani saa za maji za siku ile, wala asitumie saa za jana. Pili, asiteremke mtu chini ya genge isipokuwa maji yangali yanapwa, na wote wawe wamepanda kabla hayajageuka. Tatu, awahesabu watoto kabla ya kushuka na baada ya kupanda. Nne, mtu mmoja mzima abaki juu, kazi yake ni kutazama bahari tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mvua ya Soy huishia bahari gani, na kwa njia ya mito gani?
2. Ni nini kinachoonyesha kwamba genge la Mombasa lilikuwa chini ya bahari?
3. Ikiwa leo maji yamepwa saa nne kamili asubuhi, kesho yatapwa karibu saa ngapi?
4. Maji yakipanda meta tatu kwa saa sita, yatakuwa yamepanda kiasi gani mwisho wa saa ya nne?
5. Kwa nini saa ya kwanza ya maji kujaa humdanganya mgeni?

Majibu ya hesabu: swali la 3, karibu saa tano kasoro dakika kumi, swali la 4, sentimeta 225. Mwanafunzi aliyekosea swali la 4 na alifanye tena kabla ya siku ya safari.