Kifyatulio Kizito? Vidokezo 7 Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Bastola ya kiwandani hutengenezwa imfae kila mtu: askari wa doria, mlinzi wa benki, na wewe unayekwenda uwanjani Jumamosi kupiga shabaha. Kifyatulio chake huachwa kizito makusudi, kwa usalama. Ndipo malalamiko yanapoanza: kigumu, kinakwaruza, hakieleweki kitafyatua wapi. Kama unamiliki silaha yako kwa leseni, anza na haya. Mengi hayagharimu hata senti.

1. Hakikisha ni tupu, kisha hakikisha tena. Chomoa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho, kisha uipapase kwa kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Elekeza mtutu penye ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Ukikatizwa na simu au mgeni, ukirudi anza ukaguzi upya.

2. Kijue vizuri kifyatulio chako. Kivute polepole. Mwanzoni kuna mlegeo, kidole kinakwenda bila kazi kubwa. Kisha kinagota, hapo ndipo penye ukuta. Ongeza nguvu kidogo, kinakatika, yaani kinafyatua. Endelea kukibana nyuma, vuta slaidi kwa mkono mwingine na kuiachia, halafu legeza kidole taratibu mpaka usikie "tik". Kimeshajipanga tena, na hukuhitaji kukiachia hadi mbele kabisa. Mwenye Beretta 92 atakuta mivuto miwili tofauti: wa kwanza, nyundo ikiwa imelala, ni mrefu na mzito, inayofuata ni mifupi na myepesi. Fanyia mazoezi yote miwili.

3. Pima kabla ya kulaumu. Glock 17 ya kawaida huhitaji takriban kilo 2.5. Polisi wa New York kwa miaka mingi walitumia Glock zilizofungwa springi ya kufikisha pauni 12, yaani zaidi ya kilo 5. Kwa upande mwingine, kanuni za shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, ISSF, zinaruhusu bastola ya upepo ya mita 10 kushuka hadi gramu 500 tu. Chukua mizani ya kuning'iniza, ipachike katikati ya kifyatulio, vuta moja kwa moja kuelekea nyuma, rudia mara kadhaa utafute wastani. Huenda ukagundua kuwa tatizo si uzito bali ni mkwaruzo, na mkwaruzo una dawa rahisi.

4. Safisha, kisha tia tone moja. Masizi ya baruti na vumbi hukifanya kifyatulio kizito kuliko kilivyo. Kwenye Glock kuna sehemu ndogo inayosahaulika: kona ya nyuma, upande wa kulia wa fremu, pale mkono wa kifyatulio unapokutana na kipande cha chuma kinachouachisha. Tone moja la mafuta hapo linaleta tofauti unayoihisi papo hapo. Lakini usimwage mafuta kwenye njia ya pini ya kufyatulia. Yatashika vumbi, pini ipoteze nguvu, risasi igome kuwaka.

5. Rekebisha kidole. Weka katikati ya nyama ya ncha ya kidole cha shahada. Kidole kikiingia sana au kidogo mno, mtutu huvutwa pembeni. Vidole vingine vishike kwa nguvu isiyobadilika. Ukivibana wakati wa kufyatua, risasi inashuka chini.

6. Fyatua kavu, yaani bila risasi, kila siku. Dakika tano zinatosha. Lenga, simamisha sarafu juu ya slaidi nyuma ya kilengeo cha mbele, kisha fyatua bila kuiangusha. Ikianguka, umeshajua kosa liko wapi. Mazoezi haya pia hulainisha nyuso za vyuma vinavyosuguana, polepole na bila hatari. Tahadhari: bastola nyingi za .22 hazipendi kufyatuliwa kavu, kwa sababu pini inaweza kugonga ukingo wa chemba. Tumia risasi bandia za mazoezi.

7. Weka tupa na msasa mbali. Glock ina vizuizi vitatu vya usalama vinavyofunguka kwa zamu kadiri unavyovuta kifyatulio. Ukikwangua uso mmoja vibaya, unaweza kuharibu kimojawapo bila kujua. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza maboresho ya bastola yake ya P320 baada ya kuonekana kwamba inaweza kujifyatua ikianguka kwa pembe fulani. Sehemu ya dawa ilikuwa kupunguza uzito wa kipande cha kifyatulio chenyewe, si nguvu ya kukivuta, kisisukumwe na kishindo. Ikiwa hata kiwanda kilijikwaa kwenye jambo dogo hivyo, meza ya jikoni si mahali pake. Ukitaka kubadili vipande, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, chagua vya mtengenezaji mwenyewe, na vya mashindano vibaki kwenye bastola ya mashindano, si ile ya kujilinda.

Fuata hatua sita za mwanzo kwa mwezi mzima kabla ya kutoa pesa kwa ajili ya ya saba. Wengi wakifika hapo huona ni heri pesa hiyo wanunulie risasi za mazoezi.