Mzee Anapojishitaki: Sonona Yenye Dalili za Saikosisi Uzeeni

Tuanze na mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Bibi wa miaka 71, mkulima wa kata ya Ulaya wilayani Kilosa, kwa wiki tatu hali wala halali vyema. Shambani haendi tena, na wajukuu hawamfurahishi. Siku moja anawaambia wanawe: "Yule mtoto nilimuua mimi. Mimi ni mchawi. Matumbo yangu yameoza, msinipe chakula." Mtoto anayetajwa alifariki kwa malaria miaka miwili iliyopita, na bibi ndiye aliyemuuguza.

Jirani akiyasikia maneno hayo atadhani ni ungamo. Mhudumu wa afya anapaswa kuyasikia kama dalili.

Ugonjwa wenyewe

Sonona ikiwa kali, mgonjwa huweza kupoteza uwezo wa kupambanua ukweli na mawazo yaliyozaliwa na ugonjwa. Hupata imani potofu, yaani kushikilia jambo lisilo kweli hata akioneshwa ushahidi, au maluweluwe, kama vile kusikia sauti zikimlaumu. Mambo hayo kwa kawaida hufuata rangi ya huzuni yake: hatia, ufukara, maradhi yasiyopona, adhabu na kifo.

Mwaka 1960, Margaret Field, aliyefanya utafiti vijijini nchini Ghana, alichapisha maelezo ya wanawake waliofika kwenye vihekalu vya waganga wakijishitaki kwa uchawi. Wengi wao aliwaona kuwa wagonjwa wa sonona. Kuamini uchawi peke yake si ugonjwa, kwani ni imani ya watu wengi. Kinachotupa tahadhari ni mzee kubadilika: kukosa usingizi, kukonda, kunyong'onyea, kisha kujitwisha hatia isiyo yake. Nchini mwetu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Kwa hiyo kosa la kutafsiri maneno ya mgonjwa laweza kugharimu uhai.

Kupambanua

Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa saa au siku chache, na fahamu zikipanda na kushuka, huashiria maradhi ya mwili: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, au madhara ya dawa. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Hali hizi huweza kukutana kwa mtu mmoja. Hivyo kila mzee apimwe mwili kwanza.

Kuuliza

Mwamkie, keti naye faraghani, usiwe na haraka. "Shikamoo, bibi. Mtu mwenye majonzi mazito huweza kusikia sauti zikimlaumu. Je, nawe yamekufika?" Kisha uliza wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Tiba

Hii ni dharura. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili apewe rufaa ya hospitali, Kilosa au Mikumi, na ikibidi Morogoro mjini. Mkoa huu, pamoja na Kilimanjaro, ulikuwa wa majaribio katika mpango wa taifa wa kupeleka huduma za afya ya akili kwenye vituo vya ngazi ya chini, miaka ya 1980.

Dawa ya sonona hutolewa pamoja na dawa ya saikosisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 259 walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliopewa dawa zote mbili walipata nafuu kamili kwa takriban asilimia 42, na waliopewa ya saikosisi pekee asilimia 24. Zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa na miaka 60 au zaidi. Kwa mzee, anza na dozi ndogo na kuiongeza taratibu: amitriptilini huweza kumwangusha, kumzuia mkojo na kuathiri moyo, na haloperidoli huweza kumkakamaza viungo. Mgonjwa asiyekula kabisa au aliye katika hatari kubwa huweza kuhitaji tiba ya umeme chini ya nusu kaputi, mahali inapopatikana.

Familia ifanye nini

Msibishane naye, wala msimkubalie kuwa ana hatia. Mwambieni: "Bibi, tunaona unaumia, tuko nawe." Asiachwe peke yake. Ondoeni sumu za wadudu na kamba. Msimfunge. Maneno yake yasitoke nje ya nyumba, na akitishwa, toeni taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji na polisi.

Wengi hupata nafuu wakitibiwa. Bibi akipona, ataikumbuka siku alipojiita mchawi, na atakumbuka pia nani alimpeleka hospitali.