Kasuku Anaponyonyoka Manyoya

Wenye kufuga kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo na Uganda, huingiwa na hofu waonapo manyoya yametapakaa chini ya tundu, wakadhani ndege ni mgonjwa. Yafaa tufahamu kwamba unyoya uliochakaa hautengenezeki tena. Sharti uanguke, mpya uote mahali pake. Kasuku hubadili manyoya kidogo kidogo, wala ngozi haibaki wazi.

Unyoya mchanga hutoka umo ndani ya ala, nao una damu. Ukivunjika damu humwagika, na ndege hana damu nyingi ya kupoteza, basi tusimshikeshike. Tumpe maharagwe yaliyopikwa sana, yai la kuchemsha, mboga za majani na papai. Parachichi ni sumu kwake. Asubuhi tumnyunyizie maji ya vuguvugu ili ala zilainike, na usiku tumwache alale kimya.

Lakini tukiona kifua ki kitupu na kichwa kina manyoya yote, huko si kunyonyoka. Anajing'oa mwenyewe, maana kichwani mdomo wake haufiki. Hapo pana maradhi au upweke. Na apelekwe upesi kwa daktari wa wanyama.