Dondoo muhimu: Fanksheni za violezo vya Heat

Uko Rungwe Mpya au Kasulu mjini, seva zako ziko mbali kwenye wingu la OpenStack, na mtandao wa simu unayumba: kiolezo kiwe sahihi kabla hujakituma.

• Anza na toleo. `list_join` inahitaji 2014-10-16 au jipya zaidi; `if` inahitaji 2016-10-14. Tarehe hiyo ni jina la toleo, usiweke ya leo.

• Usichanganye `get_resource` na `get_attr`: ya kwanza hukupa kitambulisho cha seva, ya pili sifa zake, kama anwani ya IP.

• Ndani ya `str_replace`, zipe alama zako umbo la pekee, mfano `$ip`. Ukiandika `ip` tupu, hata neno `zip` litabadilishwa, na skripti itaharibika kimyakimya. Afadhali `str_replace_strict`, iliyopo tangu 2017-02-24: hukataa alama isiyoonekana kwenye maandishi.

• Njia ya faili kwenye `get_file` iandike wazi. Humo `get_param` haifanyi kazi.

• Nywila ipite kwa `get_param`, na kigezo chake kiwekewe `hidden: true`.

• Jongeza mistari kwa nafasi, kamwe si kwa tabo.

• Kagua: `openstack orchestration template validate -t faili.yaml`.

• Mtandao ukikatika katikati ya ujenzi, tafadhali usirudie amri. Heat huendelea kujenga hukohuko kwenye wingu. Ukirudi hewani, tazama kwanza `openstack stack list`.