SOMO: NYOKA WENYE SUMU KARIBU NA NYUMBA — FUNZO KUTOKA NEWALA NA MASASI

Uwanda wa Makonde, katika Mkoa wa Mtwara, ni nchi ya mikorosho na miembe. Katika vijiji vya Newala miti hiyo husimama hadi karibu na mlango wa nyumba, na chini ya kivuli chake watu hupumzika na watoto hucheza. Masasi, iliyo magharibi chini ya uwanda huo, ina vilima vya majabali, vichaka na mashamba ya nafaka. Mazingira hayo yanamfaa mkulima, lakini yanawafaa nyoka vilevile. Kwa kuwa mashamba ya visiwani nayo yana miembe na mikorosho iliyopakana na makazi, na kwa kuwa ziko familia za visiwani zenye asili na jamaa huko kusini, funzo la Newala na Masasi linawahusu wasomaji wa ukurasa huu.

Nyoka wanaohusika

Wa kwanza ni koboko wa kijani. Huyu huishi mitini, hasa kwenye miembe na mikorosho yenye majani mazito, na huweza kuzidi urefu wa mita 2. Si mgomvi; akimwona mtu hujificha au hukimbia. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na huweza kuzuia pumzi.

Wa pili ni kifutu. Rangi yake hufanana na udongo na majani makavu, naye hulala kimya njiani hata mtu anapomkaribia. Kwa sababu hakimbii, hukanyagwa. Jamaa yake mkubwa wa msituni, anayepatikana pia Newala, ana meno ya sumu yanayoweza kufikia sentimita 5, nayo ni marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Sumu ya vifutu huleta uvimbe, maumivu makali na kuoza kwa nyama.

Wa tatu ni swila, ambaye huuma na pia hurusha sumu machoni kutoka mbali.

Funzo la Newala

Katika miaka ya 1950 na 1960 aliishi Newala Mwingereza aliyeitwa C. J. P. Ionides, aliyekuwa kabla ya hapo ofisa wa Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika. Kazi yake ya miaka hiyo ilikuwa kukamata nyoka wakiwa hai kwa ajili ya bustani za wanyama na uchunguzi wa kitaalamu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwanakijiji aliyemwona nyoka hakumpiga. Mtu alitumwa kupeleka habari, na wengine walibaki kumwangalia kwa mbali ili asipotee. Ionides alifika na koleo lenye mpini mrefu, akamtoa nyoka mtini, na mleta habari akapewa malipo. Kwa njia hiyo nyoka wengi mno, koboko wa kijani wakiwemo, waliondolewa kwenye miti iliyo jirani na nyumba za watu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Ionides mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliumwa mara kadhaa. Ikiwa fundi aliyezoea alipatwa, mtu asiye na ujuzi anayemvamia nyoka kwa fimbo fupi au panga anajitia hatarini bure.

Nyoka anapoonekana

1. Watoto na mifugo waondolewe mahali hapo kwanza.
2. Watu wasimame mbali, wasimtupie mawe, wala wasipande mti alimo. Nyoka akiachiwa njia, mara nyingi huondoka mwenyewe.
3. Mtu mzima mmoja amwangalie kwa mbali, na mwingine apeleke habari kwa uongozi wa kijiji au kwa maofisa wa wanyamapori.
4. Nyoka aliyekufa asishikwe kwa mkono, kwani kichwa chake huweza kuuma hata baada ya kukatwa.

Kuzuia

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Ghala lililofungwa vizuri ni kinga ya kwanza. Kuni, matofali na takataka virundikwe mbali na nyumba, majani yafyekwe, matawi yanayogusa paa yakatwe. Wakati wa kuokota korosho, chini ya mikorosho pasafishwe mapema, na majani makavu yafunuliwe kwa kijiti kabla ya kutia mkono. Usiku mtu atembee na taa na viatu, na alale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro au mkeka.

Mtu akiumwa

Mgonjwa atulizwe na alazwe. Pete, bangili na nguo zinazobana zivuliwe kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au kijiti kisitikisike, kama afanyiwavyo mtu aliyevunjika mfupa. Asitembezwe, abebwe kwa machela au chombo chochote hadi kituo cha afya, bila kuchelewa, hata kama haoni maumivu. Akitapika au kulegea, alazwe kwa ubavu.

Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala lisichomwe moto. Kiungo kisikazwe kwa kamba, maana kamba huua nyama. Muda usipotezwe kwa dawa za kienyeji. Aliyerushiwa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha apelekwe kwa mganga. Dawa ya kupinga sumu ya nyoka ni lazima itolewe na mganga. Kwa kuwa si kila zahanati huwa nayo, ni busara kila kijiji kijue mapema ni hospitali ipi yenye dawa hiyo na ni chombo gani kitakachombeba mgonjwa.

Wajibu wa watumishi

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Shirika hilo hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, na wengi wao ni wakulima na watoto wa mashambani. Walimu, mabwana shamba na wahudumu wa afya wanakumbushwa kuyafundisha haya shuleni na mikutanoni kabla ya msimu wa kilimo.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyumba ambayo haijapatwa na msiba huo isingoje kushtuka; ifyeke unyasi leo.